Mabondeni na Watu wa Kuzikana: Sarufi ya Ustahimilivu katika Vitongoji vya Dar es Salaam

Ikisiri

Makala hii inachunguza lugha inayotumika kuzungumzia mafuriko katika vitongoji vya Kinondoni na Temeke, Dar es Salaam, tangu mafuriko ya Desemba 2011. Inalinganisha msamiati wa kiutawala, hususani maneno mabondeni, waathirika na ustahimilivu, na tanzu fupi zinazoishi mitaani: majina ya mahali, methali, utani na maneno ya msibani. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa kiutawala, kwa maumbo yake ya kisarufi, huliweka janga mahali pasipo na jina, humficha mtenda na huufanya uvumilivu kuwa sifa ya mtu mmoja mmoja. Lugha ya mitaani huuweka uvumilivu baina ya watu, na kwa hiyo huacha nafasi ya kuomboleza. Makala inapendekeza kwamba uhakiki wa kimazingira wa fasihi ya Kiswahili uzisome tanzu hizi kwa uzito ule ule unaopewa riwaya.

1.0 Utangulizi

Mwezi Desemba 2011, siku chache tu baada ya Tanzania Bara kuadhimisha miaka 50 ya uhuru, mvua iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote jijini Dar es Salaam tangu 1954 ililijaza Bonde la Mto Msimbazi. Maji ya mto huo huanzia katika vilima vya Pugu, hupita katikati ya makazi yenye msongamano mkubwa, kisha humwagikia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Selander. Zaidi ya watu 40 walifariki na maelfu walipoteza makazi. Baadhi ya familia zilipelekwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni, ambako ziliishi kwanza katika mahema na kugawiwa viwanja. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu ilitangulia ubomoaji wa nyumba katika Bonde la Mkwajuni. Mvua za mwishoni mwa 2023 na za masika ya 2024 zikalirudisha tena suala hilo katika vinywa vya watu. Baina ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, idadi ya wakazi wa mkoa iliongezeka kutoka 4,364,541 hadi 5,383,728, na sehemu ya ongezeko hilo imelazimika kujenga pale ambapo maji hupita.

Matukio haya yamechunguzwa sana na wataalamu wa mipangomiji, haidrolojia na afya. Lugha yake haijapewa uzito unaolingana. Hata hivyo, mtu aliyepotewa na nyumba hukutana na janga mara mbili: mara ya kwanza katika maji, mara ya pili katika maneno anayoitwa na anayotakiwa kujieleza kwayo. Kama maneno hayo yanampa nafasi ya kulia, kulaumu, kudai na kusaidiwa, au yanamnyima, ni suala la isimu na fasihi kama lilivyo suala la sera.

2.0 Maangamizi katika Riwaya na Maji ya Kila Mwaka

Uhakiki wa kimazingira katika fasihi ya Kiswahili umeegemea zaidi riwaya, na kwa sababu nzuri. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zimejenga ulimwengu wa ukimya na magofu ambamo mwanadamu analazimika kuuliza upya maana ya kuwapo kwake. Bina-Adamu! (2002) ya Kyallo Wadi Wamitila inamtembeza mhusika wake katika dunia iliyoharibiwa na wale wanaojiita viongozi wa maendeleo. Makuadi wa Soko Huria (2002) ya Chachage Seithy L. Chachage inashuka karibu zaidi na ardhi. Mgogoro wa mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji unaiwezesha kuonesha namna mikoko, mito na riziki za watu zinavyoingizwa sokoni.

Riwaya hizi zimewapa wahakiki msamiati wa kuzungumzia mwisho wa dunia na uporaji wa mazingira. Lakini hali ya Kinondoni na Temeke haifanani na mwisho wa dunia. Maji huingia, hutoka, tope huzolewa, magodoro huanikwa juani, watoto hurudi shuleni, kisha mawingu hukusanyika tena. Rob Nixon, katika kitabu chake cha 2011, aliuita uharibifu wa aina hii ukatili wa polepole, yaani ukatili usio na tukio moja kubwa la kusimuliwa. Riwaya, kwa kuhitaji mwanzo, kilele na mwisho, hupata taabu kuubeba. Tanzu fupi, kama methali isemwayo mlangoni, jina la mtaa au utani wa kijiweni, hazihitaji kilele. Hurudiwa kama mvua inavyorudi. Kwa sababu hiyo, anayetafuta fasihi ya janga la Dar es Salaam katika riwaya peke yake ataikuta kidogo, na huenda akahitimisha kimakosa kwamba haipo.

3.0 Maneno Matatu ya Kiutawala

3.1 Mabondeni

Kila msimu wa mvua hutolewa tangazo linalowataka wakazi wa mabondeni wahame. Kimofolojia, neno hili ni mabonde pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kiambishi hicho kwa kawaida hubainisha: mtoni, sokoni, kisimani ni mahali ambapo msemaji na msikilizaji wanapajua. Wingi wa ma- huondoa ubainifu huo. Mabondeni ni popote penye bonde, na kwa hiyo si mahali pa mtu yeyote. Likiunganishwa na kihusishi -a, kama katika watu wa mabondeni, neno linaacha kutaja mahali na kuanza kutaja aina ya watu, kwa namna ile ile ambayo watu wa mitaani au watu wa vijiweni huashiria tabia kuliko anwani. Mtu aliyezaliwa Hananasif, akasoma Hananasif na kuzika wazazi wake kutoka Hananasif, akiingizwa katika neno hili anageuka mkaidi aliyeonywa asisikie.

3.2 Waathirika

Kitenzi athiri huweza kunyambuliwa kwa -w- kikawa athiriwa, au kwa -ik- kikawa athirika. Tofauti yake inafahamika kwa kila mwanafunzi wa sarufi. Kauli ya kutendwa hubakiza kivuli cha mtenda, hata asipotajwa, kwa kuwa swali "na nani?" bado linaweza kuulizwa. Kauli ya kutendeka hulifunga swali hilo. Kikombe kilichovunjika hakiulizwi kimevunjwa na nani. Vyombo vya habari vya Kenya hupendelea waathiriwa, ilhali matumizi ya Tanzania yameegemea waathirika. Haipasi kudai kwamba waandishi wa habari wa Dar es Salaam walichagua -ik- ili kumkinga mtu. Mazoea ya lugha hayahitaji njama. Lakini matokeo yake ni kwamba, mafuriko yanapotajwa, walioziba mikondo kwa vifusi na taka, waliochimba mchanga mitoni, walioidhinisha ujenzi juu ya ardhi oevu na waliokata miti vilimani hawana pa kukaa ndani ya sentensi.

Hapa methali mchuma janga hula na wa kwao inapata uzito mpya. Katika matumizi yaliyozoeleka, methali hii humwonya mkosaji kwamba madhara ya kosa lake yatawafikia jamaa zake. Ndani yake mna mtenda aliye wazi, mchuma, na mna haki fulani kali: anayechuma naye anakula. Mabadiliko ya tabianchi yameuvunja mlinganyo huo. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya kaboni dayoksaidi inayozalishwa duniani, na mkazi wa Tandale au Mtoni hana sehemu ya maana hata katika hiyo. Mchuma yuko mbali na chakula kiko hapa. Methali ikitumiwa kwa mafuriko inageuka kutoka onyo kuwa swali, na swali hilo ni lile lile ambalo waathirika hulifunga: ni nani aliyechuma?

3.3 Ustahimilivu

Neno la tatu ndilo zito zaidi. Ustahimilivu limekuwa neno la kudumu katika mipango ya miji na ya mabadiliko ya tabianchi. Mzizi wake ni wa Kiarabu, h-m-l, wenye maana ya kubeba, na Kiswahili kinao pia katika himili na hamali. Kabla ya kuwa sera, kustahimili kulikuwa kubeba mzigo. Kiambishi tamati -vu kinaongeza jambo lingine. Katika mtulivu, mvumilivu na mnyamavu, kiambishi hiki hutaja sifa iliyokaa ndani ya mtu kiasi cha kuwa tabia yake. Kwa hiyo jamii stahimilivu ni ile ambayo kubeba mzigo kumekuwa maumbile yake. Mzigo wenyewe hautajwi, wala aliyeutwika.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili kimesifu uvumilivu tangu zamani, na kwamba mvumilivu hula mbivu na subira huvuta heri ni ushahidi wa kutosha. Lakini methali hizi zote mbili zinaahidi. Kuna tunda mwishoni mwa kungoja, kuna heri inayovutwa. Ustahimilivu wa kiutawala hauahidi mbivu yoyote. Unampima mkazi kwa uwezo wake wa kurudi alipokuwa kabla ya maji, yaani bondeni, tayari kwa maji mengine.

4.0 Majina ya Mitaa kama Matini

Kama mabondeni ni neno lisilo na kumbukumbu, majina ya mitaa yanayo tele. Mikocheni ni penye mikoche. Mkwajuni, penye mkwaju. Mchikichini, penye mchikichi. Miburani, penye mibura. Msasani kuna Bonde la Mpunga, jina linalosema bila kuficha kwamba hapo palikuwa pa maji na pa kulima. Temeke ina Mtoni na Kibondemaji. Orodha hii huweza kusomwa kama matini moja ndefu ya kiikolojia iliyoandikwa na watu wasiojulikana, ambayo kila mkazi huitamka akitaja nauli ya daladala. Kiambishi -ni kimehifadhi miti ambayo mingi imekwisha kukatwa na maji ambayo ramani za viwanja ziliyasahau. Maji hufuata mkondo, na jina hukumbuka mkondo ulikuwa wapi.

Maarifa haya yamewahi kupewa nafasi. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza 2015, uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora vitongoji vya Dar es Salaam, pamoja na kuonesha maji yanafika wapi. Kilichodhihirika ni kwamba mkazi anayedhaniwa haelewi hatari anaweza kuonesha kwa kidole ukutani alama ya maji ya kila mwaka. Ujinga anaotuhumiwa nao mtu wa mabondeni haumo katika lugha yake.

Temeke inaongeza kumbukumbu ya mbali zaidi. Barabara ya Kilwa inayopita Mbagala ndiyo njia ya Rufiji, na familia nyingi za upande huo zina asili ya huko. Katika bonde la Rufiji mafuriko yalikuwa sehemu ya kalenda. Wakulima walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, na maji yalipopungua walipanda mazao ya mlau katika udongo wenye rutuba yaliyouacha. Baada ya mafuriko ya 1968, Serikali iliwahamishia watu wa bondeni humo katika vijiji vilivyokuwa juu, na maarifa ya madungu na mlau yakaanza kuonekana ya kizamani. Haifuati kwamba dungu linaweza kujengwa Mtoni: maji ya Rufiji yalileta rutuba, maji ya Msimbazi na Kizinga hubeba taka za viwanda na vyoo. Linalofuata ni dogo lakini la msingi. Katika historia ya wasemaji hawa, mafuriko yaliwahi kuwa na majina, majira na mbinu. Neno janga halikuwa jina lake la kwanza.

Hata soka limechangia kumbukumbu hii. Mahasimu wawili wakubwa wa nchi wanaitwa kwa majina ya bonde moja: Simba ni Wekundu wa Msimbazi, Yanga ni Wanajangwani. Kwa kuwa makao makuu ya Yanga yako Jangwani, panapojaa maji, wapinzani wao wamewabandika jina la vyura. Kinaya kiko wazi, mahali paitwapo jangwani pamezaa vyura, lakini utani huu unafanya kazi kubwa kuliko kuchekesha. Unayaweka mafuriko katika mazungumzo ya kila siku, pamoja na jina la mahali husika, bila kumfanya yeyote kuwa mtu wa kuhurumiwa.

5.0 Msiba na Kauli ya Kutendana

Utani unaelekeza kwenye chemchemi ya uvumilivu wa kihisia katika vitongoji hivi, nayo ni msiba. Dar es Salaam imerithi mfumo wa utani kati ya makabila, ukiwamo ule maarufu wa Wazaramo na Wanyamwezi uliokuzwa na biashara ya misafara. Msibani, mtani anaruhusiwa kufanya lisiloruhusiwa kwa mwingine: kumkejeli marehemu, kuigiza mwendo wake, kuzuia maziko mpaka apewe chochote. Mfiwa hucheka katikati ya kilio, na hakuna anayedhani kwamba amesahau. Tanzu hizi zinakubali kwamba huzuni na kicheko vinaweza kukaa katika kifua kimoja. Ustahimilivu, kwa upande mwingine, hutambua mafanikio pale tu huzuni inapokuwa imeondoka.

Msiba una sarufi yake, na mnyambuliko wake mkuu ni -an-. Watu huchangiana, hupeana pole, husaidiana, hupokezana zamu za kukesha. Kuna usemi unaofupisha yote: watu wa kuzikana. Wanaoitwa hivyo si lazima wawe ndugu wala kabila moja. Ni wale ambao kila mmoja anajua kwamba mwenzake atakuja na jembe. Katika mji wa wahamiaji usemi huu ndio fasili ya ujirani, na methali heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali inauthibitisha. Turubai, daftari la michango, kamati, sufuria kubwa za kuazimana: vifaa vya msiba ndivyo vinavyotoka pia mafuriko yanapoingia. Jamii iliyozoea kuzikana haianzi mwanzo inapopatwa na maji.

Methali kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia inaweka masharti ya mfumo huu. Mfiwa ana haki ya kuanza, na bila kilio chake wengine hawana pa kuingilia. Hapa ndipo athari ya msamiati wa kiutawala inapokuwa ya kihisia. Anayeambiwa kwamba aliitafuta hasara yake kwa kukaa mabondeni ananyang'anywa nafasi ya mfiwa. Akilia, kilio chake ni ukaidi. Akinyamaza, wa mbali hawana mlango. Kifo kilicholetwa na maji kitapata matanga yake. Nyumba, mti wa uani, genge la biashara na kaburi lililozolewa na mto havina matanga yanayotambuliwa, ingawa vinaliliwa.

Mwanafalsafa wa Australia, Glenn Albrecht, alibuni neno solastaljia kutaja huzuni ya mtu ambaye mahali pake pameharibika naye angali anaishi hapo. Dhana hiyo inamfaa mkazi wa Mkwajuni anayeitazama alama ya X ukutani mwake. Haimfai yule wa Mabwepande, ambaye alipata kiwanja mahali pakavu na kupoteza watu wa kuzikana. Kwa mizani ya usalama wa maji, kuhamishwa kulikuwa faida. Kwa mizani ya -an-, kulikuwa kuvunja daftari la michango lililoandikwa kwa miaka mingi na kumpa kila mmoja ukurasa mtupu. Tathmini inayohesabu viwanja na mahema haina safu ya kuandika hasara hiyo.

Pamoja na hayo, kauli ya kutendana isifanywe kuwa ya malaika. Watu huibiana pia, na hutupiana taka. Kijana anayewavusha watu mgongoni kwa malipo maji yanapojaa anatimiza maana chungu ya kufa kufaana, kwamba maafa ya mmoja ni riziki ya mwingine. Wanawake hubeba sehemu kubwa ya kuchangiana huko, na upatu ulioanzishwa ili kukuza mtaji huishia kununua magodoro. Iko pia hatari kubwa zaidi: sifa za ujirani zinaweza kugeuzwa kisingizio cha kutochimba mifereji. Kuzikana hakuzuii maji. Kiambishi -an- kinaeleza namna watu wanavyobaki watu baada ya maji kuingia, na hakimwondolei mtenda yeyote wajibu wa kuyazuia.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba tofauti kati ya msamiati wa kiutawala na tanzu za mitaani iko katika maumbo, si katika hisia tu. Mabondeni hupoteza jina, waathirika humpoteza mtenda, na -vu ya ustahimilivu hupoteza wenzi. Majina ya mitaa hurejesha mahali, mchuma wa methali hurejesha mtenda, na -an- ya msibani hurejesha wenzi.

Suala hili lina matokeo ya sasa. Mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka 2022, unahusisha kuhamisha wakazi na kuwalipa fidia. Mahali mapya yatapewa majina, na watu watapangwa kando ya majirani wasiowajua. Kama majina ya zamani yatahamishwa pamoja na wenyewe, na kama watu wa kuzikana watahamishwa pamoja badala ya kutawanywa kwa namba za viwanja, ni maamuzi ya kiutawala ambayo wanaisimu na wahakiki wana la kusema juu yake. Kiswahili tayari kina kustahimiliana, neno ambalo hutumika zaidi kwa maana ya kuchukuliana tofauti za imani na tabia. Kwa mzizi wake, lina maana ya kubebeana mzigo. Mpango utakaolitumia neno hilo kwa maana hiyo utalazimika kutaja nani anabeba pamoja na nani, na mzigo ulitoka wapi.

Kwa upande wa uhakiki, kazi iliyobaki ni kukusanya. Majina mengi ya vichochoro, visima na miti ya Kinondoni na Temeke hayamo katika ramani wala kamusi yoyote, na wanaoyajua ni wazee ambao wengi wao wanaishi ndani ya mstari wa bomoabomoa. Yanapaswa kuandikwa wakati wenyewe wangali wanakaa karibu na yanayotajwa.